Kimathi Ana Jina, Mwanamke Je?

Katika Mzalendo Kimathi, tamthilia ya Ngugi wa Thiong'o na Micere Mugo, mwanamke anaficha bastola ndani ya mkate ili Kimathi aokolewe. Jamani, huyo si mama wa kulialia! Ila nina ugomvi na waandishi: mbona anaitwa "Mwanamke" tu? Watasema anawakilisha wote. Haya, Kimathi naye hawakilishi?

Nairobi, Machi 1922, wanaume walipotaka kutawanyika huku Harry Thuku yungali kizuizini, Mary Muthoni Nyanjiru alipandisha gauni lake, akawaambia walivae wao, wampe suruali zao. Umati ukasonga mbele. Polisi wakafyatua risasi, akafa. Hasira ile ilikuwa na mwenyewe. Sisi tunaojaribu kuandika riwaya tuitaje kwa jina.