Msuguano wa mvutano: sayansi tunayoiacha mlangoni mwa Gredi ya 4

Sera yetu ya elimu inataka mtoto wa chekechea hadi Gredi ya 3 afunzwe kwa lugha ya eneo lake. Ni rai kongwe. Tume ya Gachathi iliitoa mwaka wa 1976. Vijijini Konoin au Bureti, lugha hiyo ni Kipsigis. Katika kambi za wafanyakazi wa mashamba makubwa ya chai Kericho, wanakoishi Wakisii, Waluhya, Wajaluo na Wakipsigis pamoja, ni Kiswahili. Halafu Gredi ya 4 inabisha hodi na kila kitu kinageuka Kiingereza, Sayansi na Teknolojia ikiwemo.

Ugomvi wangu leo ni wa mada moja tu: kani, yaani ile nguvu inayosukuma au kuvuta kitu. Niliwahi kuketi nyuma ya darasa la gredi hiyo huko Bomet. Watoto waliimba fasili yake kwa Kiingereza, safi kabisa. Mwalimu (kijana mwenye bidii, simlaumu) akauliza: sumaku inavuta msumari, je, msumari nao unafanya nini? Kimya. Mmoja akajaribu: eti unangoja kuvutwa.

Jibu limo katika sarufi, msomaji. Tazama mvutano, tazama msuguano. Ndani yake mna -an-, kiambishi cha kutendana, kile kile cha pigana na salimiana. Nani apigane peke yake? Sumaku inauvuta msumari, na msumari unaivuta sumaku kwa kani iliyo sawa. Hiyo ndiyo kanuni ya tatu ya Newton, ya mwaka wa 1687. Dunia na gunia la majani chai vinavutana, ndipo mshale wa mizani ya kuning'iniza ukasogea pale kituoni. Tairi la trekta na tope visiposuguana vya kutosha, gurudumu linazunguka papo hapo na majani yanaharibikia njiani. Kiwandani, mashine za kusaga majani hupukutisha chembe za chuma, na sumaku huwekwa kuzinasa kabla chai haijapakiwa. Hata salamu ya Kikalenjin, chamgei, imejengwa kwa kitenzi cha kupenda na kiishio cha kujirejelea na kutendana. Mtoto wa Kipsigis anayo tayari!

Lakini tusiwasingizie walimu wa sayansi peke yao. Sisi wa Kiswahili tunafundisha kauli ya kutendana kwa pendana na pigana, mwaka nenda mwaka rudi, bila kuugusa msuguano. Nao wenzetu wa Tanzania, ambao shule zao za msingi za umma zimetumia Kiswahili tangu 1967, walichagua "kani". Istilahi ni sahihi, ila neno hilo pia lina maana ya ukaidi, na kwa mtoto wa Kericho ni geni sawa na la Kiingereza. Mimi ningeanza na vitenzi: vuta, sukuma, sugua. Nomino zingoje.

Mtihani utabaki wa Kiingereza, najua. Siombi sera mpya. Naomba dakika 10 za Kiswahili au Kipsigis kabla ya fasili, bila mtoto kuadhibiwa kwa kusema lugha yake. Mwalimu alete msumari na sumaku ya spika ya redio mbovu, kila mtoto ashike kimoja mkono huu, kingine ule, avikaribishe polepole, kisha aulizwe ni mkono upi unaovutwa.