Bila Kumlisha Mtu Maneno

Watengenezaji wengi wa kozi za mtandaoni wanaijua programu ya Articulate Storyline kwa upande wa mtihani: swali, majibu manne, alama ya vema ya kijani, alama ya kosa nyekundu. Upande wa dodoso hauna vema wala kosa. Aliyeuliza hajui jibu, ndiyo maana ameuliza. Hapo kazi inakuwa ngumu kuliko mtihani, na inazidi ugumu swali linapotanguliwa na kipande cha video, kwa kuwa video inaweza kumvuta mtu upande mmoja kabla hajasoma hata neno moja la swali. Fundi ninayemvulia kofia katika kazi hii ni yule anayejua kuondoa mkono wake kila mahali ambapo ungemlisha mjibu maneno.

Chukua dodoso la wauguzi kuhusu kumpokea mgonjwa. Mzee ameketi kwenye benchi la zahanati, daftari lake la kliniki mapajani. Muuguzi kijana anatokeza mlangoni, anaita namba, hasemi shikamoo, anageuka kurudi ndani. Mzee anainuka na kumfuata. Sekunde 20, basi. Kisha inakuja kauli: “Mgonjwa huyu amepokelewa inavyostahili,” na chini yake ngazi tano za majibu, kuanzia “Sikubali kabisa” hadi “Nakubali kabisa.” Ngazi hizo ni urithi wa Rensis Likert, mwanasaikolojia wa Marekani aliyeueleza utaratibu wake mwaka 1932, enzi za karatasi na penseli. Karatasi haikuwa na sura ya mzee, wala sauti ya viatu vya muuguzi vikiondoka.

Sasa tazama jambo dogo ambalo fundi mzuri hutumia muda mrefu kulishughulikia. Video inapokwisha, picha yake ya mwisho hubaki kwenye kioo, na mjibu anasoma swali huku picha hiyo ikimtazama. Ikiwa ni uso wa mzee ulioinama, mjibu anajibu kwa huruma. Ikiwa ni mgongo wa muuguzi, anajibu kwa hasira. Ikiwa kwa bahati mbaya muuguzi amenaswa katikati ya kupepesa macho, mdomo wazi, anaonekana mjeuri kuliko alivyokuwa kwenye tukio lenyewe. Kwa hiyo fundi anarudi kwenye kipande chake, anakisogeza picha moja moja, anaacha sekunde moja ya mwisho ionyeshe mlango na benchi bila mtu. Halafu anaweka kitufe cha “Tazama tena,” ili asiyekumbuka vizuri arudie tukio lote badala ya kuhukumu kwa picha moja iliyogandishwa. Ukiiona kazi ikiwa tayari hutajua kwamba kuna mtu aliyehangaika na sekunde hiyo, na kwangu mimi hicho ndicho kipimo cha ustadi wake.

Majibu nayo hufichwa mpaka video iishe. Katika Storyline hili ni suala la kichochezi kimoja: vitufe vitano vinaanza vikiwa katika hali ya kufichwa, na video inapofika mwisho vinajitokeza. Vitokee vyote kwa pamoja. Nimeona kazi ambamo vilikuwa vikiingia kimoja kimoja kwa madoido, na cha kwanza kilikuwa kimeshabonyezwa kabla cha tano hakijafika. Rangi iwe moja kwa vyote, kwa sababu ukiweka kijani juu ya “Nakubali” na nyekundu juu ya “Sikubali,” umeshatoa maoni yako. Na baada ya mtu kujibu, neno la shukrani liwe lile lile kwa kila jibu, bila mlio wa kupongeza. Mjibu aachwe kama mteja anayejitazama kwenye kioo cha duka la nguo huku muuzaji akikaa kimya.

Kuna wanaopenda kuipasua hadithi: ukijibu hivi, unaonyeshwa kipande hiki, ukijibu vile, kile. Wazo hilo ni la zamani kuliko kompyuta za mezani. Mwaka 1967, kwenye maonyesho ya dunia ya Expo 67 mjini Montreal, banda la Chekoslovakia lilionyesha Kinoautomat, kazi ya Radúz Činčera, ambapo filamu ilisimamishwa, watazamaji wakapiga kura kwa vitufe vilivyokuwa kwenye viti vyao, na filamu ikaendelea kwa njia iliyopata kura nyingi. Hadithi ilikuwa imesukwa hivi kwamba njia zote mbili zilikutana tena mbele. Aliyetafuta uhuru kamili angeona amepunjwa, lakini kwa mtunga dodoso kukutana huko ni muhimu mno. Wauguzi 60 wakipita njia sita tofauti, huna tena dodoso moja, una madodoso sita yenye watu wachache wachache, na hakuna unachoweza kulinganisha. Fundi mwenye busara huruhusu tawi fupi, labda swali moja la “Kwa nini?” kwa waliochagua ncha mbili, kisha huwarudisha wote kwenye barabara kuu, video zile zile kwa mpangilio uliopangwa.

Simu ina masharti yake. Kivinjari cha Chrome kwa kawaida hakiruhusu video yenye sauti ianze yenyewe kabla mtu hajagusa kitu kwenye ukurasa, ndiyo maana kazi nzuri hufunguka kwa kitufe cha “Anza,” ambacho wengi hudhani ni pambo. Slaidi ya Storyline hujibana yote kwa pamoja ili ienee kwenye kioo kidogo, na maandishi hujibana nayo, kwa hiyo ngazi tano zilizopangwa kwa mlalo huwa hazisomeki. Zipangwe kwa wima, herufi kubwa. Video ya sekunde 20 iliyobanwa vizuri inaweza kuwa na megabaiti mbili hivi. Anayeacha ya megabaiti 30 ameshachagua nani atajibu: wenye bando.

Kisha majibu husafiri kwenda kwenye mfumo wa mafunzo, mara nyingi kwa kufuata kanuni za SCORM 1.2, zilizotoka mwaka 2001 na bado zinatumika kila mahali. Kanuni hizo zinalitambua swali la Likert kwa jina lake, jambo linalonifurahisha kila ninapoliona. Lakini jibu la kuandika kwa maneno lina nafasi ya herufi 255 tu. Muuguzi akifunguka, akaeleza kwamba usiku ule alikuwa peke yake na wagonjwa foleni hadi uani, sentensi yake inaweza kukatwa katikati bila yeye kuambiwa. Fundi anayejua hili huweka kikomo cha herufi kwenye kisanduku chenyewe, kionekane, ili mtu achague mwenyewe la kufupisha, au hutafuta njia nyingine ya kuyatunza maelezo marefu.

Na mfumo huo unamjua mjibu kwa jina. Ameingia kwa akaunti yake ya kazini, kila alichobonyeza kimeandikwa ubavuni mwa jina lake, na anaulizwa kuhusu mapokezi katika kituo ambacho mganga mfawidhi wake huenda akasoma ripoti. Vitufe vya rangi moja na benchi tupu havimsaidii kitu ikiwa anaogopa. Mafundi ninaowaheshimu huweka maelezo kwenye slaidi ya kwanza, kabla ya video yoyote, kwa lugha ya kawaida: nani atayaona majibu, yataonekana na jina au bila jina, yatahifadhiwa kwa muda gani. Sentensi hizo hawazitungi wao. Humfuata aliyeagiza dodoso, wakamtaka azitamke mwenyewe, na asipotaka kuzitamka hawachapishi kazi.