Jina la inzi kwanza, vinasaba baadaye

Oktoba 1873 Susi, Chuma na wenzao, watumishi wa msafiri David Livingstone, walifika Unyanyembe, jirani na Tabora, wakiwa wamebeba maiti ya bwana wao aliyefariki mwezi Mei. Walikuwa wametoa moyo na matumbo, wakatia chumvi, kisha wakaianika juani siku 14. Nyama kavu haileei funza. Kwa mpelelezi wa leo, maiti ya namna hiyo ni saa iliyosimamishwa, kwa kuwa umri wa funza ndio humwambia mtu alikufa lini. Ila lazima ujue ni funza wa inzi gani: kila aina hukua kwa mwendo wake, na wakiwa wadogo hufanana mno.

Hapo ndipo mitokondria, viwanda vidogo vya nishati ndani ya seli, inaposaidia. Kila seli ina nakala nyingi za vinasaba vya mitokondria, kwa hiyo hata ganda tupu la pupa laweza kubaki na cha kusoma. Kwa kawaida vinasaba hivyo ni duara fupi la jeni 37. Mwaka 2004 Ana Carolina Junqueira na wenzake nchini Brazil walitangaza duara zima la inzi mmoja mwenye asili ya Afrika, aliyevamia nchi yao miaka ya 1970: herufi 15,837. Sehemu inayosumbua katika kazi kama hii ni lile eneo lililojaa herufi A na T, ambamo hakuna jeni ya kujishikiza. Tena inzi huyu ana nakala mbili za jeni ndogo ya molekuli inayobeba asidi amino iitwayo isolyusini. Anayeunga vipande vya usomaji asipokuwa makini, nakala mbili zinazofanana humezana zikawa moja, na duara likatoka pungufu.

Usomaji wao nausifu. Shida ilikuwa jina. Makala ilimwita Chrysomya chloropyga. Mwaka uliofuata Knut Rognes na Hugh Paterson wakathibitisha kwamba chloropyga na putoria ni aina mbili tofauti, na leo mfuatano ule umehifadhiwa katika hazina ya GenBank kwa jina la putoria, inzi wa vyoo vya shimo ambaye huku kwetu hahitaji kutambulishwa. Herufi ni zilezile. Lakini aliyelinganisha funza wake nazo kabla ya jina kurekebishwa angeondoka na jina la jirani, na pengine na jedwali la ukuaji lisilomhusu.

Kwa hiyo, polisi na madaktari wa Tabora, mkikuta funza kwenye maiti msiwakusanye wote katika chupa moja. Wengine waueni kwa maji ya moto, muwahifadhi kwenye spiriti. Wengine wafugeni mpaka watoke inzi kamili. Mguu mmoja unatosha kwa maabara. Mwili uliobaki uchomeni pini, muandike mahali na tarehe, mkautunze: mtaalamu wa kesho akitilia shaka jina, awe na inzi wa kumtazama.