Ufunguo wa Mtambo Uko kwa Nani? Uhakiki wa Misimamo Miwili Juu ya Mafunzo ya Mitambo Inayojiendesha

Katika mijadala ya makada na wanafunzi, kila linapozuka suala la mitambo inayojiendesha viwandani, hujitokeza misimamo miwili. Wa kwanza husema kwamba mitambo ya namna hiyo ni mtego wa mabepari kwa nchi maskini: hupunguza ajira, hula fedha za kigeni, na huongeza utegemezi. Wa pili husema tununue kwanza mitambo ya kisasa, na ujuzi utakuja pamoja na masanduku yake. Nia ya makala haya ni kuihakiki misimamo yote miwili, na kuonyesha kwamba, ingawa inapingana, ina kosa moja la pamoja. Yote miwili inautazama mtambo na kumsahau mfanyakazi aliyesimama mbele yake.

Kisa cha mkate

Msimamo wa kwanza una historia yake, wala si wa kudharauliwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Tanzania ilikubali msaada wa Kanada wa kujenga Dar es Salaam kiwanda cha mkate chenye mitambo ya kujiendesha. Mwanauchumi Andrew Coulson alikichambua kisa hicho, na uchambuzi wake umo katika kitabu alichokihariri, African Socialism in Practice, kilichotoka mwaka 1979. Hoja ilikuwa nzito. Mitambo ilitoka kwa yule yule aliyetoa msaada, na mkate ungeweza kuokwa katika matanuri madogo kwa gharama ndogo na kwa mikono mingi zaidi. Nchi iliyotangaza Azimio la Arusha mwaka 1967 ilikuwa imechagua njia iliyopingana na maneno yake yenyewe.

Kuhusu mkate, hoja hiyo twaikubali hata leo. Kosa ni letu sisi wakufunzi tuliokifundisha kisa hicho, kwa kuwa tumekigeuza kuwa kanuni ya kila mtambo. Umeme wa taifa haupikwi katika tanuri dogo. Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji lina mitambo 9 ya kufua umeme, kila mmoja wa megawati 235, jumla megawati 2,115. Wananchi wanapowasha na kuzima taa na mashine, maji yanayoingia katika mitambo hiyo hayana budi kuongezwa au kupunguzwa papo hapo, ili mapigo ya umeme yabaki karibu na 50 kwa sekunde. Hakuna mkono wa binadamu unaoweza kushika mlango wa maji usiku na mchana na kuifanya kazi hiyo kwa wepesi unaotakiwa. Kadhalika, treni za umeme zilizoanza safari kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024 haziendeshwi kwa bendera na filimbi.

Basi tutenganishe mambo mawili. Pale ambapo mtambo unaondoa tu mikono iliyokuwa ikifanya kazi ile ile kwa ufanisi, hoja ya kisa cha mkate inasimama. Pale ambapo kazi yenyewe haiwezekani, au ni ya hatari, bila udhibiti wa mitambo, hoja hiyo haina mahali. Kada asiyetofautisha hali hizi mbili anakariri tu, hachambui.

Ujuzi haumo ndani ya sanduku

Msimamo wa pili ni wa hatari zaidi, kwa sababu umevaa vazi la maendeleo. Tuliwahi kuwapeleka wanafunzi wetu katika kiwanda kimoja tukakuta mstari wa kupakia bidhaa umesimama siku ya tatu. Fundi wa zamu, mtu aliyeitumikia mashine ile kwa miaka mingi, alikuwa ameligundua tatizo tangu asubuhi ya kwanza: muda wa kusubiri kati ya hatua moja na nyingine ulikuwa mfupi mno kwa maboksi mapya. Lakini programu ya mtambo ilikuwa imefungwa kwa nenosiri, na nenosiri lilikuwa kwa muuzaji, ng'ambo. Mtaalamu aliposafiri akafika, alibadilisha namba moja. Wafanyakazi walikaa siku tatu wakisubiri namba moja ambayo mwenzao aliijua.

Kiwanda kile kilikuwa kimenunua mashine, lakini akili yake kilikuwa kimeikodi. Hati ya umiliki ilikuwa kabatini kwetu, na ufunguo mfukoni mwa mwingine. Huko si kujitegemea.

Tazameni jinsi mabepari wenyewe wanavyofanya kwao. Mwaka 1968 kitengo kimoja cha General Motors, huko Marekani, kilitafuta kifaa cha kuchukua nafasi ya makabati yaliyojaa rilei, ambayo yalilazimu kufungwa waya upya kila mtindo wa gari ulipobadilika. Dick Morley na wenzake walitengeneza kifaa kilichoitwa Modicon 084, nacho kikaingia kazini mwaka 1969. Hicho ndicho babu wa kidhibiti ambacho mafundi wetu leo wanakiita PLC. Lililo muhimu kwetu ni kwamba programu yake iliandikwa kwa michoro inayofanana na ngazi, ile ile ambayo mafundi umeme wa kiwandani walikuwa wameizoea. Tajiri alijua kwamba mtambo ukisimama saa nane za usiku, atakayeamshwa ni fundi wa zamu, si profesa. Kwa faida yake mwenyewe alitaka akili ya mtambo isomeke na fundi wake. Sisi, tunaosema kwamba mfanyakazi ndiye mwenye nchi, tumekubali mitambo ambayo mfanyakazi wetu haruhusiwi kuisoma.

Kujifunza kwa mkono

Hapa hatuna budi kujikosoa. Kwa miaka mingi tumefundisha nguvu za uzalishaji bila kumwonyesha mwanafunzi hata kontakta moja. Na baadhi ya vyuo vya ufundi navyo vimetumbukia katika shimo lilo hilo: mwanafunzi ananakili maelezo ya PLC ubaoni, anafaulu mtihani, anapata cheti, na siku ya kwanza kazini anaogopa kufungua kabati. Elimu ya Kujitegemea, iliyotolewa mwaka 1967, ililenga kuung'oa mgawanyiko huu wa kichwa na mkono. Tumeukata matawi tu.

Hebu tutoe mfano mmoja. Vipimo vingi vya viwandani hupeleka habari kwa mkondo wa umeme wa kati ya milliampea 4 na 20. Tangi likiwa tupu, mkondo ni 4. Likijaa, ni 20. Mwanafunzi wa ubaoni anakariri namba hizo. Mwanafunzi anayechomoa waya kwa mkono wake huku akitazama mita anaona mkondo ukishuka hadi sifuri, na papo hapo anaelewa kwa nini hesabu haikuanzia sifuri: ili tangi tupu lisichanganywe na waya uliokatika. Ndiyo sababu pia swichi ya dharura hufungwa kwa namna ambayo waya wake ukikatika mashine husimama, haiendelei. Hilo halihitaji hotuba. Linahitaji bisibisi, mita na nusu saa.

Kwa hiyo mafunzo yafuate mpangilio wa kazi yenyewe. Mwanafunzi aanze na kufunga sakiti ya kuwasha na kuzima mota kwa kontakta na vitufe viwili. Kisha sakiti hiyo hiyo aiandike katika PLC, aone nini kimehama kutoka kwenye waya kwenda kwenye programu. Afuate vipimo, kisha udhibiti wa kujirekebisha, kama kutunza kimo cha maji katika pipa huku mwenzake akifungulia bomba bila kumwambia. Mwishowe mkufunzi afiche hitilafu na mwanafunzi aitafute. Mtihani wa kweli wa fundi ni kuufufua mtambo uliokufa. Vifaa vya mwanzo si lazima viwe vipya. Makabati ya viwanda vilivyofungwa yana kontakta na mota za kutosha kuanzia, na zipo programu za bure za kufanyia mazoezi.

Kazi iliyo mbele yetu

Suala hili ni la kitabaka. Mfanyakazi anayejua kubonyeza kitufe tu hubadilishwa kwa urahisi, na sauti yake mbele ya mwajiri, awe shirika la umma au mtu binafsi, ni dhaifu. Anayejua kwa nini mtambo umesimama hana budi kusikilizwa.

Kwa hiyo makada walio katika bodi, halmashauri na kamati za mikataba wadai mambo matatu kabla ya kalamu kugusa karatasi: programu yote ya mtambo ikabidhiwe pamoja na maelezo na michoro yake; nenosiri likabidhiwe; na mafundi wetu wawepo tangu siku mtambo unapofungwa na kujaribiwa, si siku ya kukata utepe. Na sisi wakufunzi wa siasa tuingie karakana pamoja na wanafunzi wetu. Tutachekwa kidogo tutakapokosea waya. Hiyo ni gharama ndogo, na tumechelewa kuilipa.