Stata inayozunguka mezani na kushindwa kwenye injini

Katika karakana nyingi za pikipiki stata hupimwa hivi: inafunguliwa kwenye injini, inakanyagwa sakafuni kwa mguu ili isiruke, kisha inaguswa kwa waya mbili za betri. Ikilia na kuzunguka kwa kasi inahesabiwa kuwa nzima. Inarudishwa mahali pake, kitufe kinabonyezwa, inavuta kidogo, inakwama, na mwenye pikipiki anaambiwa anunue betri. Kipimo hicho hakigusi kabisa kinachoiua stata kuukuu. Stata ya pikipiki iliyotumika miaka mingi mara nyingi huangushwa na ukinzani mdogo mno, wa sehemu za mia za omu, ambao hauonekani mpaka mkondo uwe mkubwa. Kuikarabati ni kuusaka ukinzani huo kila ulipojificha, na kubadilisha kaboni, vile vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka, ni hatua moja tu ya msako huo.

Tuchukue pikipiki za ukoo wa Honda CG125, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1976, na hasa nakala zake za Kichina zenye stata, ambazo bado zinabeba abiria na magunia kote Afrika Mashariki. Mota isiyo na mzigo hula mkondo kidogo, kwa sababu ikizunguka kwa kasi hujizalishia volti zake zenyewe zinazopingana na za betri. Ikipewa pistoni ya kusukuma dhidi ya mgandamizo, mwendo unashuka, zile volti pinzani zinapungua, na mkondo unapanda ghafla. Kwa kukadiria tu, tuseme mezani inakula ampea 10 na kwenye injini inahitaji 60. Kiungo kibovu chenye ukinzani wa omu 0.04 kitapoteza volti 0.4 mezani, na hakuna sikio litakalosikia tofauti. Kwenye injini kiungo hichohicho kingemeza volti 2.4 kutoka kwa betri ambayo tayari imeshuka karibu na volti 10 kwa sababu ya mzigo. Mota inabaki na volti zisizotosha kuivusha pistoni, inasimama huku umeme ukiendelea kupita, na joto linaanza kula kaboni na shaba. Kwa hiyo uchakavu tunaoukuta ndani mara nyingi umeletwa na ukinzani, na kubadilisha kilichochakaa bila kuuondoa ni kuandaa uchakavu mwingine.

Ndiyo maana kazi nzuri huanza kabla ya spana. Kupima ukinzani huu kwa mita ya kawaida katika upande wa omu ni kupoteza muda: waya za mita zenyewe zina ukinzani mkubwa kuliko ule unaotafutwa. Kinachofaa ni kupima volti zinazopotea wakati stata inavuta. Ncha moja ya mita inawekwa juu ya nguzo chanya ya betri yenyewe, si juu ya kibanio chake, na ya pili kwenye boliti ya stata, kisha kitufe kinabonyezwa. Mita ikionyesha zaidi ya nusu volti, kuna ubovu kwenye waya, vibanio au relei, na stata haina kosa katika hilo. Halafu ncha zinahamia kwenye nguzo hasi na mwili wa stata, kupima njia ya ethi. Njia hii ya pili husahaulika sana, ingawa mkondo wote unaoingia kwenye stata hurudi kwa kupitia mwili wake na injini. Pande zote mbili zikiwa safi, betri ikishikilia volti zake, na stata bado inavuta kwa unyonge, hapo ndipo kuifungua kuna sababu.

Ndani, uchafu hueleza mengi kuliko vipuri. Unga mkavu mweusi ni wa kaboni iliyolika kwa matumizi, nao ni wa kawaida. Tope jeusi linalong'aa na kunata vidoleni ni habari nyingine: oili ya injini imepita kwenye sili ya mbele na kuchanganyika na unga huo. Tope hilo hujaa kwenye mifereji iliyo kati ya vipande vya shaba vya komyuteta, yaani duara ambalo kaboni huligusa, na kuufanya umeme uvuke mahali usipotakiwa. Kuweka kaboni mpya juu ya sili inayovuja ni kazi ya wiki chache. Alama ya kutazamwa kwa makini ni mstari uliosuguliwa unaong'aa kwenye mwili wa amecha, ile sehemu inayozunguka ndani ya stata. Ukiwepo, bushi imelika, amecha inayumba na kugusa sumaku, na nguvu inapotea kwa msuguano kabla haijafika kwenye injini. Sumaku nazo zikaguliwe. Ni za kauri, na nyundo moja kwenye mwili wa stata au jiliwa lililokazwa kupita kiasi hutosha kuzipasua.

Komyuteta ndiyo inayostahili uvumilivu. Ikiwa imekuwa nyeusi au ina michubuko, ukanda wa msasa laini unazungushiwa juu yake huku amecha ikigeuzwa, ili shaba ibaki duara. Msasa ukisuguliwa upande mmoja huacha bapa, na kaboni itarukaruka juu ya bapa hilo ikitoa cheche. Kisha inatazamwa mika, yaani kihami kilicho kati ya vipande. Ikiwa imelingana na shaba, kaboni haikai sawasawa, kwa hiyo inachimbwa kwa kipande cha msumeno wa chuma kilichonolewa chembamba, karibu nusu milimita, na mifereji inasafishwa kwa brashi. Mita sasa ina kazi yake: kila kipande kiwasiliane na jirani yake, na kisiwepo hata kimoja kinachowasiliana na shafti. Kimoja kikiwasiliana na shafti, amecha imekwisha.

Kaboni yenye waya wa kulehemu ina mtego unaowanasa hata mafundi hodari. Risasi ikiyeyuka hupanda ndani ya ule waya wa kusokotwa na kuufanya mgumu kama msumari. Waya mgumu huizuia kaboni isiteleze ndani ya kishikio chake, springi inashindwa kuisukuma, na mgusano unakuwa hafifu. Fundi amemaliza kazi kwa kuongeza ukinzani uleule aliokuja kuuondoa. Waya ubanwe kwa koleo karibu na kiungo ili joto na risasi visipande, na baada ya hapo kaboni iteleze kwa kidole bila kusita. Wakati wa kufunga, alama iliyochorwa kwenye mwili na vifuniko kabla ya kufungua inalipa gharama yake. Katika mota ya kaboni mbili na sumaku mbili, bamba la kaboni likigeuzwa nusu duara, mota huzunguka kinyume, na klachi ya upande mmoja iliyo nyuma ya sumaku ya injini haitashika. Na stata isipakwe rangi pale inapokaa kwenye injini. Inapendeza, lakini rangi hiyo imeziba njia ya ethi.

Wapo wanaosema stata mpya ya bei nafuu inamaliza mjadala. Kwa pikipiki inayotafuta hesabu ya bosi kila jioni, hoja hiyo ina uzito, na amecha iliyoungua inastahili kutupwa. Lakini stata mpya ikifungwa kwenye waya zilezile na ethi ileile yenye kutu, inarithi ugonjwa, na nimeeleza tayari jinsi ugonjwa huo unavyokula kaboni. Isitoshe, baadhi ya stata za nafuu zina shaba nyembamba na bushi dhaifu kuliko zile kuukuu zinazotupwa. Wengine wanasema kiki ipo, ya nini kuhangaika. Kiki haifai kitu pale injini inapozimika katikati ya barabara yenye malori, na abiria yuko nyuma. Hoja yenye nguvu kuliko zote mbili ni kwamba kipimo cha volti hakimalizi kila swali, na hiyo naikubali. Stata ikivuma kwa kasi wakati injini imetulia tuli, umeme hauna lawama. Bamba la kaboni likiwa limekaa sawa, roli za klachi ya upande mmoja ndizo zimelika, au springi zake zimelegea, na kazi inahamia ndani ya kifuniko cha sumaku.