Upinde Usio na Mshale

Siku hizi ukipita Mercado Modelo, soko la watalii mjini Salvador, jimbo la Bahia, Brazili, utaziona berimbau, pinde za muziki, zimetundikwa, zimepakwa rangi za kumeremeta. Watu hununua, wakaenda kuzitundika tena ukutani kwao.

Berimbau ya kupigwa haihitaji rangi. Fundi hutafuta mti wa biriba, mgumu lakini unaokubali kupindwa, akaubandua gome na kuulainisha. Waya anaupata kwenye tairi bovu: hulichana ukingoni kwa kisu, akauchomoa, akausugua mpaka masalia ya mpira yote yatoke. Kinachompa kazi hasa ni kibuyu. Kiwe kikavu, kiwe chepesi, na mdomo wake ukatwe huku sikio likipima, kwani mpigaji atakiegemeza tumboni na kukiondoa, na sauti ifumbe na kufumbuka hapo. Mgogo aliyezoea ndono, upinde wa muziki wa kwao, hahitaji maelezo zaidi. Upinde huu una asili ya Angola. Ulivuka bahari na watumwa.

Ndio unaoongoza capoeira, mchezo ambao mpaka leo watu wanabishana kama ni ngoma au ni mapigano. Mimi naona utata huo ndio uliouponya. Utumwa ulikomeshwa Brazili mwaka 1888. Mwaka 1890 sheria ya jinai ikaharamisha capoeira, adhabu yake kifungo cha miezi 2 hadi 6. Mpigaji wa berimbau akawa pia mlinzi. Upo mdundo uitwao cavalaria, unaoiga kwato za farasi. Wazee wa Bahia husimulia kwamba ukilia huo, wachezaji walijua askari wanakuja: wengine walitawanyika, wengine wakayageuza mateke kuwa madaha ya ngoma.

Mestre Pastinha, mwalimu wa capoeira wa Salvador, aliushika mchezo huu pande zote mbili, ya sanaa na ya michezo. Alikuwa mchoraji, na chuo chake, alichokianza mwaka 1941, alikiita kituo cha michezo, akawavisha wanafunzi njano na nyeusi, rangi za Ypiranga, timu ya kandanda aliyoipenda. Mwaka 1966, chini ya utawala wa kijeshi, alikuwemo katika msafara wa Brazili uliokwenda Dakar kwenye tamasha la sanaa za watu weusi.

Hapo ndipo ninapokereka. Farasi wa askari walishindwa kuuzima mchezo huu. Wapiga makofi ndio waliokaribia kuuzima. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 capoeira ilitambuliwa kuwa mchezo rasmi, ikawekwa chini ya shirikisho la ndondi, kana kwamba kibuyu hakikuwahi kuwepo. Miaka hiyohiyo Pastinha alitolewa katika jumba la chuo chake huko Pelourinho, mtaa wa Salvador, akiambiwa linakarabatiwa. Hakurudishwa. Alifariki mwaka 1981, kipofu na fukara, na jumba lile likafanywa mgahawa.