Tui, si maziwa: kikombe cha mtoto mwenye mzio kilivyopatikana

Kiswahili kina neno tui, na ningependa tulishike kabla hatujawasha jiko. Nazi ikikunwa na kukamuliwa hutoa kitu cheupe kama maziwa, lakini watu wa pwani hawakukiita maziwa. Siku hizi pakiti za dukani zinasema "maziwa ya mchele", "maziwa ya lozi", na mzazi ambaye mtoto wake amekatazwa ya ng'ombe huamini kwamba amepata mbadala wake. Nyumbani kwetu Tanga, mji ambao maziwa ni jambo la kila asubuhi, tuliamini hivyo kwa miezi kadhaa. Mpwa wangu alikuwa na miaka miwili na nusu.

Mtoto huyu ana mzio wa maziwa ya ng'ombe na wa karanga. Mzio si sawa na tumbo kushindwa kusaga laktosi, ile sukari ya maziwa. Kwenye mzio, kinga ya mwili huivamia protini yenyewe, kama kaseini, na kiasi kidogo tu chatosha. Bibi yake alimwambia dada yangu, "Mwanangu, ya mbuzi hayana neno, nyote nimewalea kwa hayo," akamnywesha mjukuu vijiko viwili. Midomo ilivimba kabla kikombe hakijarudi mezani, na mtoto akakimbizwa hospitali. Bibi hakuwa na kosa, kwa maana hakuna aliyekuwa amemweleza. Protini za maziwa ya mbuzi zimefanana mno na za ng'ombe, kiasi kwamba wengi wenye mzio wa haya hudhurika na yale pia.

Jaribio la kwanza lilikuwa mchele. Dada alipika wali laini, akausaga kwenye blenda kwa maji mengi na kuuchuja. Ukapatikana mweupe safi, na mtoto akaupenda. Lakini kinachotoka hapo ni maji ya wanga. Maziwa ya ng'ombe yana gramu 3 na zaidi za protini katika kila mililita 100, na kinywaji cha mchele hakifiki hata gramu 1. Mwaka 2001 madaktari wa Atlanta, Marekani, waliandika habari za mtoto wa miezi 22 aliyelazwa kwa kwashakoo. Hakuwa amekosa chakula kwa umaskini. Wazazi wake walidhani maziwa yanamdhuru, wakamlisha zaidi kinywaji cha mchele. Uingereza nayo inashauri watoto walio chini ya miaka 5 wasipewe vinywaji vya mchele, kwa sababu mpunga hufyonza aseniki ardhini. Tuliacha.

Tui la nazi tulilijua tangu zamani, na mwili wa mtoto ulilikubali. Lina mafuta, kwa hiyo lina nguvu, lakini protini yake ni kidogo na kalsiamu ni ya kuhesabu. Likichemka kwa nguvu bila kukorogwa hukatika, mafuta yakaelea juu na maji yakabaki chini. Tukaliweka kando kama kiungo.

Kilichotufungulia njia ni kimea cha ulezi. Wachaga wanakitumia kwenye pombe yao ya mbege, na miaka ya 1980 watafiti wa lishe nchini Tanzania walionyesha kuwa unga wa kimea kidogo tu hulegeza uji mzito wa mtoto pasipo kuongeza maji. Tulichagua ulezi tukauacha mtama, kwa kuwa machipukizi ya mtama hutengeneza sayanidi na ya ulezi hayana shida hiyo. Punje huoshwa, hulowekwa usiku kucha, huchujwa, kisha hufunikwa kwa kitambaa chenye unyevu kwa siku mbili au tatu, zikioshwa kila asubuhi na jioni. Zikichipua huanikwa juani mpaka zikauke kabisa, vijizizi husuguliwa vidondoke, ndipo husagwa. Zikitoa harufu ya uvundo au zikionyesha ukungu hutupwa zote. Hapo hatuhurumii nafaka.

Kazi yenyewe hufanyika sufuriani. Gramu 100 za unga wa ulezi wa kawaida kwa lita moja ya maji, upikwe mpaka uive barabara. Uji ule ulikuwa ukidondoka kwa mabonge kutoka kwenye upawa. Tukauepua, tukangoja kipimajoto kishuke hadi nyuzi 65 hivi, tukatia kijiko kimoja cha chai kilichojaa cha kimea, kama gramu 5, na kukoroga. Kwa dakika chache za mwanzo hakuna kinachoonekana. Kisha mwiko unakuwa mwepesi mkononi, unahisi kabla macho hayajaona, na ndani ya robo saa kile kilichokuwa kizito kinamiminika kama chai ya rangi. Ukionja, kina utamu ambao hakuna aliyeutia. Kimeng'enya kilichozaliwa punje ilipochipua kimeukatakata wanga kuwa sukari ndogondogo. Kimea kikitiwa wakati uji ungali unatokota, kimeng'enya hufa na uji hubaki mzito. Tulilikosea hilo mara mbili. Baada ya robo saa uji hurudishwa motoni uchemke tena, kwa kuwa nafaka iliyolala kwenye unyevu siku tatu hubeba vijidudu vingi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Rickard Öste wa Chuo Kikuu cha Lund, Uswidi, alitumia vimeng'enya kugeuza oti kuwa kinywaji, na kampuni kubwa ya Oatly ikatokana na kazi hiyo. Ni kanuni ileile ya mama wa Kichaga aliyeanika ulezi wake juani.

Hapa ndipo tulipoumia. Kimea cha kwanza tulikipeleka kwenye mashine ya mtaani. Mtoto alikunywa nusu kikombe, akatokwa na mabaka ya kuwasha shingoni na kutapika. Dada alirudi kuuliza kilichosagwa kabla yetu, akajibiwa: lishe. Unga wa lishe kwa kawaida huchanganywa na karanga, tena mara nyingi na soya na ngano. Mawe na mfereji wa mashine hubaki na vumbi lake, na kwa mwenye mzio vumbi hilo ni chakula tosha. Tukasema tutwange wenyewe, tukakumbuka kuwa kinu chetu ndicho kilichotwanga karanga za kisamvu miaka yote. Mbao hunywa mafuta, nayo hayaoshwi yakatoka. Mwisho tulinunua mashine ndogo ya kusagia ya umeme, mpya, ikawekwa kwenye kabati la juu na haijawahi kusaga kitu kingine. Ukiniuliza fedha ya kwanza iende wapi, nitasema hapo, kabla ya kununua chujio wala chupa nzuri. Ulezi nao tunaununua ukiwa punje, si unga.

Kwa upande wa protini, ulezi hauwezi peke yake. Gramu 100 zina protini kama gramu 7, nazo zikigawanywa kwenye lita ni gramu 0.7 kwa kila mililita 100, tena kama hujachuja kitu. Soya ndiyo inayokaribia maziwa, gramu 3 hivi ikikamuliwa vizuri. Soya na karanga ni za jamii moja ya kunde, lakini mzio wa moja si lazima uwe wa nyingine. Wapo pia watoto wenye mzio wa maziwa ambao soya huwadhuru. Mpwa wangu alijaribiwa mbele ya daktari, na kwa mtoto aliyewahi kuvimba midomo nisingeshauri ijaribiwe sebuleni. Soya hulowekwa usiku, humenywa, husagwa na maji ya moto sana ili kupunguza ile harufu ya maharage mabichi, huchujwa, kisha huchemshwa dakika 20. Povu lake hupanda mapema na kumdanganya mpishi kwamba limeshachemka. Ukizima hapo, kizuizi cha usagaji wa protini kilichomo kwenye soya mbichi kinabaki kizima na tumbo la mtoto linasumbuka. Kinywaji chetu sasa ni nusu soya na nusu ulezi uliolegezwa, pamoja na kijiko cha tui zito la nazi.

Imebaki kalsiamu, na hapa hesabu haina huruma. Mtoto wa miaka 1 hadi 3 anahitaji takriban miligramu 500 kwa siku. Vikombe viwili vya maziwa ya ng'ombe, mililita 400, vinampa karibu 480. Ulezi unasifiwa kwa kalsiamu, na ni kweli una kama miligramu 340 katika gramu 100, ila tukishazimua kwa lita ya maji na kuchanganya na soya, vikombe vile viwili havizidi 120. Kwa hiyo mtoto anakula dagaa wazima na mifupa yao, waliosagwa kwenye mboga, kwa kuwa samaki hawamdhuru, na daktari amemwandikia dawa ya maji ya kalsiamu yenye vitamini D. Na kama mtoto hajatimiza mwaka, hakuna tui la kumpa badala ya ziwa la mama au maziwa maalumu ya kopo anayoandikiwa na daktari. Uzoefu wetu haumhusu.

Tunatengeneza lita moja kila baada ya siku mbili, inakaa kwenye friji ndani ya chupa ya kioo, na umeme ukikatika usiku kucha inamwagwa. Kwenye chupa dada amebandika karatasi. Mwanzoni aliandika "maziwa ya mtoto", na siku moja bibi, jioni akiwa na haraka, alijaza pengo la chupa kwa maziwa ya kwenye jagi la chai. Dada aliwahi kuona. Sasa karatasi inasomeka TUI, kwa kalamu nyekundu, na chini yake siku na saa lilipochemshwa.